Pindo la Vidole Vinne

Jumamosi ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, Cresensia Mtweve alikuwa kibarazani kwake Mahongole akijaladia madaftari kumi na tisa ya watoto wa jirani. Alikuwa na rula ya mbao, mkasi, wembe, na bakuli la uji mzito wa ngano aliotumia badala ya gundi. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na malori ya barabara kuu yalisikika bila kuonekana.

Kujaladia kuna kanuni zake, na Cresensia hakuwa mtu wa kuzivunja. Daftari hulazwa wazi juu ya karatasi, halafu hupimwa vidole vinne kila upande. Hivyo vidole vinne ndivyo pindo, kile kipande kinachokunjwa ndani kikalishika gamba. Pindo la vidole vitatu huchomoka kabla ya Pasaka, na la vitano linakula karatasi bure. Uji wa ngano hubandika karatasi kwa karatasi tu, gamba haliguswi, maana jalada lazima livuke mwisho wa mwaka bila kuliumiza daftari. Kisha daftari hulala usiku mmoja chini ya Biblia na jiwe.

Na kila daftari lina vazi lake. Mtoto wa kawaida, kaki. Anayetembea kutoka Kitandililo na mvua zake, kaki na juu yake nailoni. Ambaye baba yake anasema mambo ya majalada ni anasa, gazeti. Mtoto anayelia sana darasani huwekewa nailoni mbili, kwa sababu daftari lake huanza kuoza kwenye kona.

Asubuhi hiyo hakuna aliyemwona akifanya kazi hiyo, kwa kuwa alikuwa haonekani tangu Jumatano. Wazazi walifika, wakayaweka madaftari kwenye benchi, wakalisalimia benchi "Kamwene", na sauti ya Cresensia ikaitikia. Mmoja aliomba ya mwanawe yawahi kabla ya Jumatatu. Sauti ikasema yatawahi, na yakawahi.

Habari yenyewe ni fupi. Mtaani hapo palikuwa na kikundi cha kuzikana kiitwacho Bega kwa Bega, chenye kaya sitini na mbili. Majina yaliandikwa kwenye kaunta buku ya kwaya tatu, lile daftari nene la gamba gumu, kila kaya mstari mmoja: Joackim Mwalongo na mkewe, Elius Ngole na mkewe, hivyo hivyo mpaka chini. Kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya ibada, katibu alisoma majina yote, na kila mume alijibu "Nipo" kwa niaba ya nyumba yake. Kaya iliyosomwa ikipata ugonjwa au msiba, wenzake huja na kuni, maji na mikono. Isiyosomwa, kila mtu na Mungu wake.

Cresensia alikuwa ndani ya mstari wa kumi na saba kwa miaka ishirini na saba. Alikuja kuolewa kutoka Ludewa, upande wa ziwa, akahama kanisa, akajifunza Kibena na baridi. Mstari ulisema "Amon Mlowe na mkewe", na mtaani wote walimwita Mama Mlowe, ingawa Mungu hakuwapa mtoto. Katika miaka hiyo alikuwa amepika kwenye misiba arobaini na mmoja.

Mwezi wa kumi Amon alifariki kwa presha, akazikwa vizuri, kikundi kikatimiza wajibu wake bila doa. Jioni ileile katibu Efraimu Kidenya alichukua rula na kalamu nyekundu akalikata jina la marehemu. Efraimu alikuwa mwalimu mstaafu na mistari yake ilikuwa minyoofu. Rula haikuishia kwenye neno "Mlowe". Ilikwenda mpaka mwisho.

Kwa hiyo Januari majina yaliposomwa, kutoka mstari wa kumi na sita Efraimu alirukia wa kumi na nane. Cresensia alikuwa ameshavuta pumzi ya kuitika. Aliikalia ile pumzi mpaka mkutano ulipokwisha, na Jumatatu akaenda kwa katibu.

"Kaya ya Amon imeshafungwa, Mama Mlowe," alisema Efraimu kwa upole.

"Mimi sijafungwa, mwalimu."

"Hilo ni kweli." Efraimu alivaa miwani. "Lakini kurasa zimejaa. Kitabu kipya ni mwakani."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema ili asije akasingiziwa. Alikipekua kitabu karatasi kwa karatasi akimtafutia nafasi. Alipofika mwisho aliligeuza gamba la nyuma, akaona upande wake wa ndani ni mweupe, safi kabisa.

"Hapa panatosha," alisema. "Jina lako hasa ni nani?"

"Cresensia Mtweve."

"Kumbe," alisema Efraimu, akaliandika kwa mwandiko mzuri kuliko mwingine wowote uliokuwemo kitabuni. Halafu, kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, akaongeza kwamba jalada la kitabu chenyewe limechakaa, na kama Mama Mlowe anaweza kukipitisha kwake, atashukuru.

Cresensia alikijaladia Jumanne kwa kaki mpya. Alipokunja upande wa nyuma aliliona jina lake likiingia chini ya pindo, herufi zote, kama lililopimiwa. Alifikiri kulipunguza pindo, kisha akaona haya. Fundi hapunguzi pindo kwa ajili ya jambo lake mwenyewe. Akakilaza kitabu chini ya Biblia na jiwe, na Jumatano asubuhi muuza viazi aliuliza nani amesema "nipe fungu moja", maana hakumwona mtu.

Cresensia hakuhitaji kuambiwa sababu. Alikuwa amelikunja mwenyewe.

Mtaa ulizoea ndani ya wiki moja. Kule juu ukungu huficha watu kila siku na hakuna anayeufanyia kikao. Jirani yake Zipora, mke wa Elius Ngole, alisema afadhali asiyeonekana kuliko asiyesikika, akaendelea kuja kuazima chumvi. Aliwekewa chumvi mezani, akaichukua, akaishukuru meza.

Februari palikuwa na msiba njia ya Kichiwa. Cresensia alikwenda, kama alivyokwenda arobaini na mmoja iliyopita. Mwiko uligeuka wenyewe kwenye sufuria kubwa, kuni zilisogea, ndoo zilikwenda kisimani na kurudi zimejaa.

"Mama Mlowe, upo?" aliuliza Zipora katikati ya moshi.

"Nipo."

"Basi ongeza maji, ugali umekaza."

Akaongeza. Njiani kurudi nyumbani aliwaza kwamba neno alilokuwa akilitafuta tangu Januari alikuwa amelisema, tena kwa sauti, lakini alikuwa amelisema kwa sufuria. Alilia kidogo. Waliokutana naye waliona tu kwamba matone ya mvua yanaanguka mahali ambapo hakuna mvua, wakapita pembeni.

Machi alijaribu ujanja. Aliomba kitabu kwa kisingizio cha kukaza kona, akalikata pindo la nyuma libaki kidole kimoja. Jina likatokeza, naye akatokeza, na siku mbili alionekana mzima kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Siku ya tatu kikundi kilikuwa makaburini na jalada lilichomoka, kama jalada lolote la kidole kimoja linavyochomoka, kitabu kikaanguka kifudifudi, gamba la nyuma likagusa udongo mbichi. Cresensia alikaa wiki nzima akichana matope kwenye nywele. Efraimu alirudisha kitabu akasema, kwa heshima zote, hakutegemea kazi kama hiyo kutoka kwake.

Hilo lilimuuma kuliko matope. Akarudi kwenye vidole vinne, na hakurudia tena.

Ila kaki ilikuwa imekwisha madukani Makambako, hivyo safari hii alitumia gazeti, ukurasa wa michezo. Gazeti ni jepesi, alijiambia, labda litapitisha mwanga. Lilipitisha. Alionekana tena, lakini wino wa gazeti hauna adabu, hushika chochote unachogusa, na kufikia mwisho wa juma matokeo ya ligi yalikuwa yamemwenea kutoka paji la uso hadi viganjani.

Watu walimfuata sasa. Sokoni Makambako wanaume walimzunguka, wakainamisha shingo, wakamsoma. Maandishi yalikuwa yamegeuka kulia kushoto, kwa hiyo wenye kutaka uhakika walimwomba asimame mbele ya kioo cha saluni ya Jackline. Alisimama. Walisoma msimamo wa timu, wakabishana penalti ile kama ilikuwa halali, wakamwambia ageuke wasome mgongoni, wakashukuru, wakaenda. Miezi miwili hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Habari za wiki ile zilipochakaa, waliacha kumsogelea.

"Lakini angalau unaonekana," alisema Jackline akisuka mteja.

"Nasomwa," alisema Cresensia. "Sio kitu kimoja."

Juni alikwenda Njombe kutafuta jalada la kueleweka. Karibu na stendi kulikuwa na duka la vifaa vya shule la mzee mmoja aitwaye Marcelino, mtu wa kuvaa makoti mawili, na Cresensia alimweleza yote pasipo kuficha. Marcelino alimsikiliza huku akiyasoma matokeo ya zamani kwenye shavu lake, kisha akakohoa.

"Jina lipo kwenye gamba?"

"Ndani ya gamba la nyuma."

"Mume amefariki?"

"Oktoba."

"Nina wateja wengine wawili wa hali yako," alisema Marcelino, akishusha bunda la nailoni kutoka rafu ya juu. "Mmoja wa Lupembe, huja Jumatatu. Mwingine simjui wa wapi, maana sijawahi kumwona, naacha mzigo kaunta. Sasa mama, nailoni itakuonyesha. Hilo sina wasiwasi nalo. Lakini nailoni haipitishi kitu. Umenielewa?"

"Haipitishi maji."

"Haipitishi kitu," alirudia Marcelino, akaikata mita moja akaizungusha vizuri.

Cresensia alikijaladia kitabu kwa nailoni, na kazi ilitoka safi sana, bila hewa wala mkunjo. Jina lilionekana chini ya pindo likimeremeta. Naye alionekana, mweupe wa macho, mweusi wa ngozi, gazeti limekwisha. Walimsifia mtaani kwamba amenawiri. Alifungua mdomo kushukuru na hakuna kilichotoka. Sauti ilizunguka mle ndani ikamrudia. Alimpa Zipora mkono, na mkono wa Zipora ukateleza. Mvua ilimtiririka bila kumlowesha, na jua la saa sita halikumfikia kabisa.

Kuanzia hapo watu walimtabasamia kama mtu aliye ndani ya gari lililopandisha vioo. Walimpungia. Naye alipunga. Siku iliisha hivyo.

Julai baridi ilishuka na kifua kikambana. Homa, kikohozi, siku tano kitandani, na kuni zilikuwa nje. Aliita. Aliita siku nzima ya kwanza na nusu ya siku ya pili. Siku ya tatu Zipora alichungulia dirishani, akamwona amelala na blanketi, uso umetulia, akampungia mkono, akaenda zake kupalilia viazi. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Aliona mtu aliyepumzika. Siku ya tano homa ilishuka yenyewe, Cresensia akatambaa mpaka nje, akawasha moto, akakaa mbele yake mpaka giza, na moto ule, pamoja na ukali wake wote, hakuuhisi.

Ndipo alipoamua kwamba mwaka ujao jina lake litasomwa, hata iweje. Hakutaka kitu kikubwa. Alitaka Efraimu atamke "Cresensia Mtweve" mbele ya watu, naye ajibu "Nipo", ili siku akiugua tena mtu asukume mlango.

Desemba kamati ilikaa kunakili majina kwenye kitabu kipya. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, ingawa Cresensia alikuwepo, benchi la pili, ndani ya nailoni yake. Efraimu alinakili kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Alipomaliza ukurasa wa mwisho aligeuza, akakutana na gamba, na jina likiwa wazi chini ya pindo. Aliligonga kwa ncha ya kalamu mara mbili akifikiri. Cresensia alihisi kalamu juu ya kichwa, kwa mbali, kama mvua ya nyumba ya pili. Alisimama. Alipiga kelele ambazo angeona haya kuzipiga kama zingesikika.

"Hili lipo kwenye gamba," Efraimu aliwaambia wenzake. "Tunanakili kurasa. Gamba ni la kukinga tu."

Wenzake walikubali kwamba gamba ni la kukinga. Efraimu akapiga picha kurasa zote mpya, akazituma kwenye kundi la WhatsApp, na watu wakatuma vidole gumba.

Tangu saa hiyo kitabu cha zamani kilikuwa karatasi tu. Cresensia alikivua nailoni jioni ile, na hakuna kilichobadilika isipokuwa sauti yake, ambayo ilirudi nyembamba. Sasa hakuwa ameandikwa popote. Alianza kupungua, taratibu, kama sabuni ya bafuni. Alhamisi mzani wa mashine ya kusaga ulionyesha mfuko wa mahindi bila yeye aliyekuwa ameuegemea. Ijumaa alikanyaga tope na hakuacha alama.

Akaenda kwa Zipora.

"Kaya mpya hupendekezwa na mwanakikundi, asimame mkutanoni aseme," alimwambia. "Simama unisemee, Zipora. Miaka ishirini na saba."

Zipora aliendelea kumenya viazi. Alimenya kimoja, akamenya cha pili.

"Mimi nisimame kama nani?" alisema. "Mimi ni 'na mkewe'. Sisomwi, dada yangu. Muulize Elius."

Elius aliulizwa, akasema ni jambo zuri na atalifikiria. Bado analifikiria.

Jumamosi Efraimu alileta kitabu kipya kijaladiwe, maana kesho yake ndiyo Jumapili ya kwanza ya Januari. Aliongea na Cresensia kwa heshima, akakaza macho kidogo ili amwone, akasema kaki ingefaa na juu yake nailoni, misiba ya mwaka jana ilikuwa na mvua nyingi. Kisha akaondoka.

Cresensia alikilaza kitabu mezani. Kilinukia kiwanda. Alikifungua ukurasa wa kwanza akasoma majina yote sitini na moja kwa kidole, na baada ya mstari wa mwisho palikuwa na mistari mitupu mingi, kurasa kwa kurasa, myeupe. Kalamu ilikuwa pale pale. Hakuna mtu aliyekuwa akimwangalia, na hata angekuwepo, kulikuwa na kidogo sana cha kuangalia.

Aliishika kalamu muda mrefu. Lakini kurasa zote zilikuwa na mwandiko mmoja, ule mnyoofu wa mwalimu. Jina lililoandikwa na mwenyewe lingeonekana kama mtu aliyeingia harusini kwa kuruka ukuta. Alitaka kuitwa, hakutaka kujipenyeza. Pengine alikosea hapo. Wapo wanaosema alikosea.

Akakifunga. Akapima vidole vinne kila upande, akakata kaki, akakunja, akabandika kona. Nailoni aliiacha kwenye bunda, maana alikuwa anaifahamu. Kisha akabandika karatasi nyeupe mbele ya jalada, ile ambayo kwenye daftari la mtoto huandikwa jina, shule na darasa. Akaandika: Bega kwa Bega. Kitabu cha Majina. Chini yake alichora mstari kwa rula, na juu ya mstari huo, nje kabisa, mahali ambapo hakuna pindo la kulifikia, akaandika jina lake.

Uzito ulimrudia kabla wino haujakauka. Kiti kililia. Alisikia jogoo wa Zipora, akasikia harufu ya moshi, akasikia baridi ikimpanda miguuni, baridi ya kweli ya Mahongole, akacheka peke yake kibarazani. Tuseme ukweli, alifurahi sana. Mtoto aliyekuwa akipita na ndoo alimwambia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, naye akaitikia marahaba, na mtoto akasikia. Muuza viazi alimpungia akamwita kwa jina, jina lake hasa, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha. Alipokwenda kulala alitandaza kanga yake bora kwenye kiti kwa ajili ya kesho.

Efraimu alikuja kuchukua kitabu asubuhi kabla ya ibada. Alikigeuza, akazipima kona kwa macho.

"Umeandika jina lako," alisema.

"Nimeliandika, mwalimu."

"Vizuri. Fundi lazima aweke jina lake kwenye kazi yake." Akakitia kwenye mfuko uliokuwa na vitunguu, na Cresensia alinusa vitunguu mpaka kanisani.

Kikao kilikuwa kwenye banda la nyuma ya kanisa. Palikuwa na chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na mvua ilikuwa inatishia. Cresensia alikaa benchi la pili karibu na Zipora. Watu walimsalimia kutoka kila upande, wakasema yuko wapi siku zote hizi, mbona amepotea. Efraimu alisimama, akakishika kitabu kwa mkono wa kushoto, akakifungua, akaanza.

"Joackim Mwalongo na mkewe."

"Nipo."

"Elius Ngole na mkewe."

"Nipo," alisema Elius. Zipora aliangalia kucha zake.

Alisoma kwa utaratibu, pasipo kuharakisha, mwalimu akiita mahudhurio. Cresensia alihesabu kimoyomoyo. Sitini. Sitini na moja. Efraimu aligeuza ukurasa, akaona mistari mitupu, akakifunga kitabu na kukikumbatia kifuani, jalada likiwatazama watu, karatasi nyeupe ikiwa mbele ya macho ya banda zima.

"Kuna ambaye sijamsoma?" aliuliza. Aliuliza hivyo kila mwaka, na kila mwaka alisubiri kwa haki mpaka kila mtu apate nafasi.

Cresensia alisimama. Banda zima lilimwona, hakuna aliyekuwa nyuma ya nguzo. Alifungua mdomo. Lakini Efraimu alikuwa amekishika kitabu kwa mkono mmoja, na kidole gumba chake, kipana, chenye chaki ya miaka thelathini na nne kwenye mifereji yake, kilikuwa kimelala sawasawa juu ya jina. Cresensia alikihisi kidole hicho midomoni. Kilikuwa na joto na kilikuwa kizito, na sauti haikupata pa kupitia.

Efraimu alimwangalia kwa subira, akampa muda wa kutosha. Wenzake pia walimwangalia. Zipora alimvuta kanga kidogo.

"Kama hakuna, tuendelee," alisema Efraimu. "Keti, mama, chai inapoa."

Cresensia aliketi. Efraimu alikiweka kitabu mezani ili ashike karatasi ya ajenda, na kidole kikatoka, lakini ajenda ya pili ilikuwa imeshaanza, ya sufuria zilizotoboka. Mtu alimletea katibu chai. Meza ilikuwa imejaa sahani za viazi, hivyo Efraimu aliangalia huku na huku, akakiweka kikombe pale palipokuwa na nafasi, juu ya kitabu, kwenye karatasi nyeupe.

Joto lilimshukia Cresensia utosini, likapita usoni, likateremka shingoni mpaka kifuani palipombana Julai. Ilikuwa chai ya moto sana, iliyojazwa mpaka ukingoni. Tangu Amon alipofariki hakuna kilichokuwa kimempasha hivyo.

Zipora alimwinamia, akamuuliza mbona amekakamaa hivyo.

Cresensia alikuwa amekaa, mgongo wima, asije akaimwaga chai.